Daftari, Masikio na Subira: Vidokezo 12 kwa Anayetaka Ndege Wetu Waendelee Kuwepo

Aliyekulia pwani anamjua dudumizi kabla hajamwona. Sauti yake huanza juu, ikashuka, ikazidi kushuka, kama maji yanayomiminika kutoka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba. Bibi aliyeketi uani akiisikia anasema: anueni nguo, mvua inakuja. Bibi huyo hakusoma ikolojia, lakini kwa miaka mingi amesikiliza, amelinganisha na amekumbuka. Mtafiti wa ndege anafanya kazi hiyohiyo, ila yeye anaandika.

Kenya na Tanzania kila moja ina spishi zaidi ya 1,000 za ndege. Watafiti wanaolipwa kuwafuatilia ni wachache mno kwa wingi huo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ndege gani yuko wapi, na kama anaongezeka au anapungua, imetoka kwa watu wa kujitolea: walimu, wakulima, madereva wa watalii, wanafunzi, wastaafu. Vidokezo hivi vinakukaribisha kundini. Huhitaji shahada. Unahitaji daftari.

1. Anza na ndege watano wa uani kwako

Usianze na kitabu kizima, utachoka mapema. Chagua ndege watano unaowaona kila siku, kwa mfano shomoro, njiwa, kunguru, chozi na mnana, uwajue hata kwa vivuli vyao. Hao watakuwa kipimo chako. Ndege mgeni akitua, jiulize: ni mkubwa kuliko shomoro? Ni mdogo kuliko njiwa?

Kisha tazama mdomo, maana mdomo ndio unaokuambia anakula nini. Chozi ana mdomo mwembamba uliopinda, wa kufyonzea nekta ndani ya maua. Mnana ana mdomo mfupi mnene wa kupasulia mbegu. Mdiria ana mdomo mrefu ulionyooka, wa kunasia samaki au wadudu. Tazama pia anatafuta chakula wapi: ardhini, kwenye matawi ya katikati, au kileleni. Ukishajua ndege anakula nini, wapi na wakati gani, umeshaingia kwenye ikolojia kwa mlango wa mbele.

Usisahau kuandika jina analoitwa kwenu. Majina yetu hubeba tabia za ndege. Kigogota anaitwa hivyo kwa sababu hugotagota mti akitafuta wadudu. Aliyempa jina alikuwa amemtazama vizuri.

2. Wahi alfajiri, na utangulize masikio

Muda mzuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Jua likishapanda, ndege wengi hunyamaza na kujificha kivulini. Vaa nguo za rangi iliyofifia, simama chini ya mti mmoja, na ukae kimya kwa dakika kumi. Ndege walionyamaza ulipofika wataanza tena shughuli zao.

Ukiweza kununua darubini, tafuta yenye namba 8x42. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kipana huingiza mwanga zaidi, nao ndio unaohitajika asubuhi na msituni. Ukiwa huna darubini, masikio yanatosha kuanzia. Bundi mdogo wa Sokoke ana urefu wa sentimita 18 hivi, na rangi yake ni ya majani makavu. Wanasayansi walimtambua mwaka 1965 katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, na miaka ya 1990 akapatikana pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki nchini Tanzania. Mchana unaweza kupita chini ya tawi lake usimwone. Watafiti humhesabu usiku, kwa kusikiliza anavyoita.

3. Andika mambo matano papo hapo

Tarehe, saa, mahali, aina ya ndege, idadi. Hayo matano ndiyo uti wa mgongo wa utafiti wote wa ndege duniani. Usiseme utaandika ukifika nyumbani. Kumbukumbu hupunguza na kuongeza bila kukuomba ruhusa. Kama hujui ni ndege gani, eleza ulichokiona: ukubwa, rangi ya mdomo, mistari ya mabawa, anavyoruka. Jina la kukisia huharibu orodha nzima, lakini maelezo ya kweli yanaweza kutambuliwa baadaye na anayejua zaidi.

Andika wote, na si yule wa ajabu peke yake. Wengi huandika tai na kumwacha shomoro, na baada ya miaka ishirini hakuna anayejua shomoro walipungua lini.

Huu hapa mfano wa faida yake. Miaka ya 1970, watu walipita kwenye barabara za Kenya wakihesabu ndege wawindaji na wala mizoga: tai, vipanga, mwewe, tumbusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ukiongozwa na Darcy Ogada ulilinganisha hesabu za mwaka 1970 hadi 1977 na hesabu za mwaka 2003 hadi 2020. Kati ya spishi 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Kama wale wa mwanzo wasingeandika, leo tungebaki kusema "zamani tai walikuwa wengi", na neno "zamani" halijawahi kubadilisha sera ya nchi yoyote.

4. Rudi palepale, mwezi hadi mwezi

Kwenda mara moja mahali pa mbali kunafurahisha. Kwenda mara kumi na mbili kwenye bwawa la kijijini kwenu kunafundisha. Chagua njia moja fupi, itembee kwa mwendo uleule, saa zilezile, angalau mara moja kwa mwezi. Mabadiliko utakayoyaona yatakuwa ya ndege wenyewe, kwa kuwa wewe hukubadilisha chochote.

Kanuni hiyohiyo inaongoza hesabu kubwa ya ndege wa majini duniani, inayofanyika kila Januari tangu mwaka 1967. Kenya imekuwa ikihesabu ndege wa maziwa ya Bonde la Ufa tangu mwaka 1991, na wengi wa wanaosimama ufukweni na darubini ni watu wa kujitolea. Januari imechaguliwa kwa sababu wakati huo ndege waliokimbia baridi ya kaskazini wametulia huku kwetu, hivyo asiyehama na mgeni huhesabiwa pamoja.

5. Peleka maandishi yako yanakosomwa

Daftari likibaki kabatini, ni kumbukumbu yako peke yako. Likifika kwenye ramani ya pamoja, linakuwa ushahidi.

Mradi wa Kenya Bird Map ulianza mwaka 2013. Nchi imegawanywa kwenye miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Unachagua mraba, unautembelea kwa angalau saa mbili ukijitahidi kupita kila aina ya mazingira yaliyomo, yaani shamba, mto, kichaka na mtaa, kisha unaandika ndege kwa mpangilio wa kuwaona. Unaweza kuendelea kuongeza wapya hadi siku tano. Programu ya simu iitwayo BirdLasser hurekodi mahali na saa kwa niaba yako. Aliye nje ya Kenya, au anayetaka njia rahisi zaidi, atumie eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, iliyoanza mwaka 2002. Inapokea orodha kutoka popote duniani, bure.

Fikiria kinachotokea pasipo na orodha. Anayepanga barabara, mashine za umeme wa upepo au machimbo ya mchanga hufungua ramani. Akikuta mraba mtupu, ni rahisi kwake kusema hakuna ndege wa kuhofia. Mraba wa kijiji chako ukijazwa na wewe, ndege wake wana mtetezi hata siku ambayo hupo kwenye mkutano.

6. Waulize wanaoishi na ndege

Mambo makubwa katika elimu ya ndege wa Afrika Mashariki yamepatikana kwa kuwasikiliza wenyeji, na wakati mwingine hata kwa kuchungulia chungu.

Mwaka 1991 watafiti wa Denmark walikuwa kambini kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Katika chungu cha chakula wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu. Wakamtafuta mwenye miguu hiyo msituni, wakampata: kwale ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika kamwe. Mwaka 1994 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Waliokuwa wakimla walimjua siku nyingi.

Nchini Kenya yuko mnana wa Kilifi, mwenye rangi ya manjano na nyeusi, asiyepatikana popote pengine duniani. Alielezwa kisayansi mwaka 1913, lakini mahali anapojenga kiota pakabaki fumbo. Miaka 100 baadaye, mwaka 2013, viota vyake vikaonekana kwenye bwawa la msimu katika misitu ya Dakatcha, kaunti ya Kilifi, na kikundi cha wahifadhi wa hapohapo kijijini kilikuwa mstari wa mbele katika kuvitafuta. Bwawa hilo hujaa na kukauka kufuatana na mvua. Anayejua lini limejaa ni yule anayeishi jirani nalo.

Tena yuko mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki wa porini ili wao wavunje wapate asali, naye apate nta na mabuu ya nyuki. Wazee walilisema hili tangu enzi, na wako wasomi waliolihesabu kuwa hadithi. Mwaka 1989 mtafiti Mkenya Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha utafiti waliofanya na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya. Katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja bila ndege. Wakiongozwa na mlembe, walitumia saa 3.2. Waliweza hata kutambua upande na umbali wa mzinga kutokana na mwenendo wa ndege na sauti yake. Sayansi ilifika mwisho wa safari na kuwakuta Waborana wameshafika.

Basi muulize mvuvi, mchungaji, mrina asali, mama anayechota maji mtoni. Uliza: ndege huyu mnamwitaje? Huonekana miezi gani? Zamani alionekana wapi? Andika jibu, na uandike kuwa umelipata kwao.

7. Ukikuta pete mguuni, umepata barua

Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alivisha pete ndogo za alumini kwenye miguu ya kuzi, kila moja na namba yake na anwani. Tangu hapo, pete imekuwa njia ya kujua ndege mmoja alikotoka, alikokwenda na muda alioishi.

Afrika Mashariki ina kituo maarufu cha kazi hii: Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi. Kila Novemba na Desemba, mamilioni ya ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia hupita usiku wakielekea kusini. Usiku wenye ukungu na usio na mbalamwezi, taa za hoteli iliyoko mlimani huwachanganya wakashuka. Tangu mwaka 1969 watafiti na wanaojitolea hukesha hapo, huwanasa kwa nyavu nyembamba, huwavisha pete, huwapima, kisha huwaachia. Ndege waliovishwa pete Ngulia wamepatikana mbali sana, na waliovishwa pete mbali wamenaswa Ngulia.

Mmoja wa wasafiri hao ni kijindege cha rangi ya kahawia chenye uzito wa gramu kumi na kidogo, kinachoishi kwenye vichaka vya kando ya maji. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha matokeo ya kuyasikiliza madume yake nchini Ubelgiji. Kijindege hicho huiga sauti za ndege wengine katika wimbo wake, na mtafiti huyo alitambua sauti za spishi 212. Kati ya hizo, 113 zilikuwa za ndege wa Afrika. Kinapotafuta mchumba kando ya mto wa Ubelgiji, kinaimba kwa sauti kilizozisikia njiani, huku kwetu. Ukikata kichaka cha kando ya mto wako, umegusa wimbo unaoimbwa umbali wa kilomita maelfu.

Ukimpata ndege mwenye pete akiwa mfu, andika namba yote na maneno yote yaliyochongwa, piga picha, andika mahali na tarehe, kisha peleka taarifa makumbusho ya taifa au kwenye anwani iliyo kwenye pete. Akiwa hai, usimvue. Soma namba, umwachie aendelee na safari yake.

8. Kaa mbali na kiota

Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hulitegemea Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, kwa kuzaliana. Hakuna ziwa jingine katika ukanda wetu wanakozaliana kwa kawaida. Hujenga viota vya tope katikati ya maji yenye magadi makali. Mwaka 1954 mwanaikolojia Leslie Brown, aliyewaona kutoka kwenye eropleni, alijaribu kuwafikia kwa miguu. Magadi yalimuunguza miguu vibaya hata akalazwa hospitali. Magadi hayo ndiyo ngome ya heroe: fisi hafiki, mbweha hafiki.

Ndege wengi hawana ngome hiyo. Ngome yao ni wewe kutosogea. Mama akiacha kuatamia kwa sababu unapiga picha, mayai hupoa au huungua na jua, na kunguru anayekutazama kutoka juu ya mti ameshaonyeshwa njia. Ukiona ndege anarukaruka kwa wasiwasi huku ameshika chakula mdomoni, yuko karibu na makinda yake na anaogopa kwenda. Rudi nyuma. Usicheze sauti yake kwenye simu mara kwa mara ili ajitokeze. Anaiona kama adui aliyeingia kwake, na anapoteza nguvu za kulishia wana. Na picha ya kiota cha ndege adimu usiipeleke mitandaoni pamoja na jina la mahali, maana wanunuzi wa makinda nao husoma.

9. Pinga sumu kwa sauti

Kama utafuata kidokezo kimoja tu, kiwe hiki.

Simba au fisi anaua ng'ombe. Mfugaji kwa uchungu anamwaga dawa ya wadudu kwenye mzoga ili amuue mla mifugo. Anayefika kwanza ni tumbusi. Tumbusi hutazamana angani. Mmoja akishuka, wa mbali humfuata, na wa mbali zaidi humfuata huyo. Kwa hiyo mzoga mmoja unaweza kuua makumi kwa siku moja. Majangili nao huweka sumu makusudi kwenye mizoga ya tembo, kwa sababu tumbusi wanaozunguka angani huwaonyesha askari penye uhalifu. Utafiti mkubwa wa tumbusi wa Afrika uliotoka mwaka 2016 uliona kuwa asilimia 61 ya vifo vilivyorekodiwa vilitokana na sumu, na asilimia 29 vilitokana na biashara ya viungo vyao kwa dawa za kienyeji. Tumbusi wengi hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Pengo la siku moja haliwezi kuzibwa kwa mwaka mmoja.

Bara Hindi limeshatuonyesha mwisho wa njia hii. Tangu miaka ya 1990, spishi tatu za tumbusi wa huko zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Watafiti walitafuta ugonjwa wasiuone, hadi mwaka 2004 walipothibitisha chanzo: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wakipewa ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe huyo alikufa kwa figo kushindwa. Mwaka 2006 India ikaipiga marufuku kwa mifugo. Utafiti wa kweli ulikuwa umeonyesha adui, na sheria ikamfuata.

Ukikuta mizoga ya ndege wengi karibu na mzoga wa mnyama, usiguse kwa mikono. Zuia mbwa na mifugo, piga picha, wapigie askari wa wanyamapori mara moja. Saa chache zinaweza kuokoa kundi zima. Kijijini, hamasisha zizi imara na taa za kumwekamweka usiku. Hizo humzuia simba bila kumuua tumbusi. Nyumbani, acha sumu ya panya. Panya aliyelishwa sumu hukamatwa kirahisi, na anayemkamata ni bundi. Tena waambie jirani zako ukweli huu: bundi hajaleta mkosi, amekuja kwa sababu mna panya.

10. Usimfuge ndege wa porini

Nchini Rwanda, korongo wenye mataji ya dhahabu walikuwa wakikamatwa mabwawani na kuwekwa kwenye bustani za hoteli na majumbani, mabawa yakiwa yamekatwa. Walipendeza machoni, lakini huko hawakuzaa. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianzisha juhudi za kuwarejesha. Wenye korongo waliruhusiwa kuwatoa bila kuadhibiwa. Waliokuwa wazima walipelekwa porini, na waliolemaa wakapewa hifadhi ya Umusambi, jijini Kigali. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata korongo 487. Tangu hapo idadi imeongezeka zaidi ya maradufu.

Funzo ni jepesi. Ndege wa porini aliye tunduni amekwisha kutoka kwenye hesabu, hata kama anapumua. Usimnunue kwa huruma, maana pesa yako ndiyo inayomrudisha mtegaji porini kesho.

11. Panda, fagia, zima

Panda mti wa asili. Mkuyu mmoja ukizaa hulisha hondohondo, ninga na wengine wengi kwa mara moja, na wao hupeleka mbegu zake mbali. Acha kona ya uani yenye nyasi na kichaka. Chiriku hahitaji bustani iliyonyolewa.

Fagia na ufunike takataka. Kunguru wa Zanzibar, waitwao pia kurabu huko Mombasa, waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka. Leo wametapakaa pwani yetu, na wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Jalala lililo wazi ndilo linalowalisha na kuwazidisha.

Zima taa za nje usizozihitaji, hasa miezi ya Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Aprili, ndege wasafiri wanapopita usiku. Ulishaona Ngulia taa zinavyoweza kuwapoteza.

12. Usiende peke yako

Jicho la pili husahihisha la kwanza. Nature Kenya, chama chenye mizizi ya mwaka 1909, kimekuwa na desturi ya matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi jijini Nairobi. Uganda wapo NatureUganda, na Tanzania wapo Nature Tanzania. Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba huadhimishwa duniani kuwa siku ya ndege wahamao. Ni siku nzuri ya kuwatoa wanafunzi darasani wakahesabu ndege wa uwanja wa shule.

Zaidi ya yote, mchukue mtoto. Mtoto aliyemhesabu mnana akiwa na miaka minane hatamtupia jiwe akiwa na kumi. Mpe kalamu, yeye ndiye awe mwandishi, wewe uwe wa kuonyesha kwa kidole. Daftari hilo litamfuata ukubwani, na siku moja litakuwa rekodi ya zamani inayotafutwa na watafiti.

Kesho alfajiri toka nje kabla ya chai. Simama kimya dakika kumi. Halafu fungua ukurasa wa kwanza, uandike: tarehe, saa, mahali, aina, idadi.